Uwanja wa eskaveta ndogo nyuma ya nyumba yetu, Nakuru

Anayetaka kuwajengea watoto wake, au kujijengea mwenyewe, uwanja wa kuchezea mashine za ujenzi zinazoendeshwa kwa rimoti, kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue mashine gani. Mimi naona swali hilo huja mapema mno. Eskaveta, tipa na buldoza ndogo zinapatikana siku hizi kwa bei za kila namna, na mwenye fedha anaweza kuagiza ile aipendayo. Lakini akiiweka juu ya ardhi ya kawaida ya uani, ardhi iliyokanyagwa na watu na kuku kwa miaka, itakwaruza uso wake tu, kisha itajiinua yenyewe kwa nguvu ya mkono wake huku minyororo inayoitembeza ikizunguka hewani. Kinachoamua kama mchezo utanoga ni udongo, na baada ya udongo ni njia ya maji. Mashine ni ya tatu.

Huenda nasema hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Mimi hupima udongo wa barabara: nauchekecha, naukausha, naushindilia kwa nyundo ndani ya kopo la chuma, na kuandika ni kiasi gani cha maji kinachoufanya ushikamane vizuri zaidi. Baba yangu, ambaye tunaishi naye hapa Kiamunyi, aliendesha greda hadi akastaafu, na ana maoni makali kuhusu barabara yoyote anayopitishwa juu yake. Watoto wangu wawili nao wamekua wakitazama mashine za manjano kando ya barabara kuu, na tangu upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulipoanza hakuna safari ya kwenda Gilgil isiyokuwa na mtihani wa majina ya mashine. Kwa hivyo mdogo wangu, anayefanya kazi Kisumu, alipowaletea eskaveta ya rimoti, nyumba nzima ilikuwa na jambo la kusema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeijaribu kwanza, penye ardhi ngumu karibu na tangi la maji.

"Dada, mashine hii haina nguvu," akasema. "Itabidi tutafute iliyo kubwa zaidi."

Nilimjibu kwamba nguvu inayo, ila udongo ndio haujatayarishwa, na jibu hilo lina hesabu nyuma yake ambayo inafaa kila mjenzi wa uwanja wa aina hii aielewe. Mashine nyingi za aina hii huuzwa zikiwa zimeandikwa kipimo cha 1:14, yaani kila sentimita ya mashine ndogo inawakilisha sentimita 14 za mashine halisi. Urefu unapopungua mara 14, eneo hupungua mara 196, na ujazo, ambao ndio unaobeba uzito, hupungua mara 2,744. Eskaveta halisi ya tani 20 ingekuwa na kilo 7.3 hivi ikipunguzwa kwa uaminifu, na nyingi za kuchezea hazifiki hata hapo kwa kuwa zina plastiki nyingi. Sasa, mshikamano wa udongo hutegemea eneo linalokatwa, wala si ujazo. Mashine imepoteza uzito mara 2,744 ilhali upinzani wa udongo umepungua mara 196 tu; ukigawanya, utaona kwamba udongo uleule umekuwa mgumu mara 14 zaidi kwa mashine hiyo ndogo. Udongo ambao eskaveta halisi huuchota bila kuhema, kwa mashine ndogo ni sawa na mwamba. Kununua mashine kubwa kidogo hakubadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha maana. Kuulegeza udongo kunaibadilisha kabisa.

Hesabu hiyohiyo ya 14 ndiyo itakayokupa vipimo vya kila kitu kingine uwanjani. Barabara ya njia mbili yenye upana wa mita 7 inakuwa sentimita 50. Lori linalohitaji mita 12 kutoka katikati ya mzingo ili ligeuke litahitaji sentimita 86 hivi, na hapa ndipo wengi hubana mno kona zao, kisha mtoto analazimika kurudi nyuma na kwenda mbele mara nne ili tipa lipite. Ndoo ya eskaveta yenye ujazo wa mita moja ya mraba kwa kina cha mita moja inakuwa na ujazo wa theluthi moja ya lita na ushee. Punje ya mchanga ya milimita moja inaonekana kama kokoto ya milimita 14, na kokoto ya kawaida ya kuchanganyia zege, ile ya milimita 20, inageuka jiwe kubwa la sentimita 28 ambalo ndoo hukwama nalo. Ndiyo maana kuchekecha si urembo. Jiwe moja lililofichika ndani ya udongo linaweza kuvunja meno ya giabox ya plastiki, kwa sababu mtoto hatajua kwamba amegonga jiwe. Ataendelea tu kubonyeza rimoti.

Nakuru tumejaliwa, ingawa akina mama wanaofua nguo nyeupe hawatakubaliana nami. Mji huu umekaa chini ya Menengai, na udongo wake mwingi ni majivu ya volkano yaliyochanganyika na yale mawe mepesi yenye matundu ambayo ukiyatupa majini huelea. Ni udongo mwepesi, unaopitisha maji haraka na unaochimbika kwa urahisi ukishalegezwa. Upungufu wake ni kwamba ukikauka unakosa kabisa kitu cha kuushika: ukichimba mtaro, kingo zake zinaporomoka hadi zilale kwenye mteremko wa nyuzi thelathini na kitu, na kila kilichobaki kinapeperuka. Tena punje zake zina ncha kali, kwa kuwa asili yake ni kioo cha volkano, na vumbi lake husaga vyuma kama msasa. Kwa hiyo udongo wa Nakuru ukiwa peke yake unatosha kwa mchezo wa mwezi mmoja, lakini hautoshi kwa uwanja unaotaka udumu.

Tulichofanya ni kuuchanganya. Tulichekecha udongo wa uani kwa wavu wa waya unaotumiwa kuanikia kahawa, ambao maduka ya vifaa vya ujenzi huuza kwa mita, na ambao matundu yake ni madogo kuliko ya wavu wa kuku. Sehemu tatu za udongo huo tulizichanganya na sehemu mbili za mchanga wa mto, kisha tukaongeza nusu sehemu ya udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa. Udongo wa kichuguu ndio siri ya mchanganyiko huu. Mchwa hukusanya chembe laini za mfinyanzi kutoka chini, na ndiyo maana wazee walisakafia nyumba kwa udongo huo na wengine wakafyatulia matofali. Ukiuweka kidogo unaupa mchanga gundi. Ukiuzidisha, unarudi palepale kwenye ardhi ngumu isiyochimbika. Ni heri kuanza na kidogo, kwa sababu kuongeza ni rahisi na kutoa hakuwezekani.

Asiyejua udongo wake una nini anaweza kuupima jikoni. Chukua chupa ya kioo inayoonyesha ndani, ijaze udongo hadi theluthi yake, ongeza maji na chembe za sabuni ya unga, itikise kwa nguvu, kisha iache itulie mezani. Mchanga hutua chini katika dakika ya kwanza. Tope laini hutua baada ya saa moja au mbili. Mfinyanzi hukaa ukielea na kuyachafua maji hata siku nzima au zaidi. Unene wa matabaka hayo utakuambia unachokosa. Kipimo cha pili ni cha unyevu, nacho ni cha mkono tu: finyanga donge la udongo kiganjani, liachilie kutoka urefu wa kiuno. Likigawanyika vipande viwili au vitatu safi, maji yametosha. Likitawanyika kama unga, nyunyiza zaidi. Likijibandika chini kama chapati mbichi, acha likauke. Mafundi wa barabara wanakijua kipimo hiki hata pale ambapo maabara iko mbali, na mara nyingi majibu yao hayatofautiani sana na ya mizani yangu.

Unyevu huo ndio unaoziwezesha kingo za mtaro kusimama wima. Maji machache yaliyo kati ya punje huzivuta punje zishikane, na yakizidi yakajaza nafasi zote mvuto huo hupotea na ukingo huanguka. Mtoto anayenyunyiza maji kwa keni kabla ya kuanza kazi, badala ya kumwaga ndoo nzima katikati ya shimo, amekwisha kujifunza jambo ambalo vibarua wengine wa mitaro wangelijua lingewaokoa.

Mdogo wangu alitaka kuanzisha uwanja kama huu kwake Kisumu, upande wa nyanda za Kano, na hapo ushauri unabadilika. Udongo mweusi wa kule huvimba ukipata maji na kupasuka nyufa pana ukikauka. Ukilowa hunasa kwenye minyororo ya mashine hadi isizunguke, na ukikauka unakuwa tofali. Nilimwambia asihangaike kuuchanganya. Auondoe kabisa hadi kina cha sentimita 30, atandike karatasi nzito ya nailoni yenye matundu ya kupitishia maji, kisha ajaze mchanga ulionunuliwa, ambao kule kando ya ziwa si vigumu kuupata. Kakamega ni hadithi nyingine: udongo mwekundu wa huko una mfinyanzi mwingi na unakubali kuchanganywa na mchanga nusu kwa nusu, lakini mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya ile ya Nakuru, kwa hiyo anayejenga Kakamega anajenga paa kwanza.

Sasa eneo. Letu lina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu, kati ya ukuta wa jikoni na ua wa kei-apo, mahali ambapo mwarobaini wa jirani hutoa kivuli kuanzia saa nane mchana. Kivuli kina maana kwa sababu jua la hapa, tukiwa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, linaharibu plastiki na linapasha betri moto hata siku ya baridi. Kabla ya kuchimba tulitandaza kamba kwenye vigingi tukaupima mteremko kwa mpira wa maji, ule wa mafundi wa msingi, tukahakikisha kwamba sakafu ya uwanja inashuka sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kona ya mbali na nyumba. Kwenye kona hiyo tulichimba shimo la kina cha mita moja, tukalijaza mawe na kokoto, tukalifunika kwa gunia kuukuu ili udongo usipenye.

Kuhusu "mbali na nyumba" sitanii. Ardhi ya Nakuru imejulikana tangu zamani kwa nyufa zinazofunguka wakati wa mvua kubwa, maana majivu ya volkano yaliyofunika mipasuko ya Bonde la Ufa huweza kusombwa kutoka chini na maji yanayoingia mahali pamoja. Sisi wa Kiamunyi tunayafahamu mambo hayo. Usiyaelekeze maji ya uwanja wa kuchezea kwenye msingi wa nyumba, wala karibu na shimo la choo, wala mahali ambapo ardhi imewahi kubonyea. Shimo la kupokea maji likae angalau mita tano kutoka ukutani, na kama kiwanja hakina nafasi hiyo, ni afadhali maji yatoke kwa mfereji wa juu hadi kwenye mtaro wa barabara.

Kingo za uwanja ni mawe ya machimbo ya inchi sita kwa tisa, yaliyopangwa mstari mmoja bila saruji. Nilizikataa mbao. Fundi aliyekuja kunipa bei alipendekeza mbao za saiprasi zilizopakwa oili chafu ili mchwa asizile, na ni kweli kwamba oili chafu humzuia mchwa kwa muda. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ya gari ina masizi na vyuma ambavyo sitaki vikae kwenye udongo ambao mtoto anaushika kisha anakula ndizi. Mawe ya hapa ni laini, yanachongeka kwa panga, na yakivunjika yanageuka vifusi vya kubebwa na tipa, hivyo hakuna kinachopotea.

Uwanja mzima hatukuujaza mchanganyiko ule. Hilo ni kosa la bajeti ambalo nimeliona kwa wengine: mita nne kwa tatu kwa kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 2.4, na mchanga wenye unyevu una uzito wa karibu tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, yaani zaidi ya tani nne za kubeba kwa wilbaro kutoka langoni. Sehemu ya kuchimba inatosha ikiwa mita mbili kwa moja na nusu, kwa kina cha sentimita 25. Kwingine ni ardhi ileile iliyosawazishwa, iliyoshindiliwa, na kuwekewa barabara.

Barabara ilikuwa ya Baba. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi njia ya duara yenye kona laini kutoka machimbo hadi mahali pa kumwaga, naye akaitazama kwa muda, akauliza, "Mama, maji ya barabara hii yanakwenda wapi?" (Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo ndivyo anavyoniita.) Akachukua kipande cha ubao akakikata umbo la mgongo wa barabara, katikati juu na pembeni chini, kwa mteremko wa asilimia tano, kwa upana wa sentimita 50 hiyo ni sentimita moja na robo tu kutoka katikati hadi ukingoni. Kipande hicho ndicho alichokikokota juu ya udongo mbichi kama greda, akirudia hadi uso ukawa mmoja. Akachimba mitaro midogo kila upande kwa kijiko cha supu. Mteremko wa kupanda kutoka machimbo alitaka usizidi sentimita kumi kwa kila mita, kwa hoja kwamba tipa lililojaa huteleza kwenye mteremko mkali zaidi, na kwamba mhandisi aliyechora barabara bila kumfikiria dereva wa lori lililojaa amechora picha tu. Nimekutana na wahandisi wanaohitaji kuambiwa hivyo.

Kwa uso wa barabara tulitumia vumbi la kokoto kutoka machimbo, lililochanganywa na saruji kidogo, sehemu moja kwa ishirini, likanyunyizwa maji na kushindiliwa kwa tofali. Saruji ikizidi hapo, barabara inakuwa sakafu na haiwezi kuchimbwa tena watoto wanapotaka kubadilisha njia, nao hutaka kila wiki. Yeyote anayelimwaga vumbi hilo likiwa kavu afunge kitambaa puani, na watoto wakae mbali hadi lilowe, kwa maana vumbi la mawe yaliyosagwa ni baya kwa mapafu na halitofautishi uwanja wa kuchezea na machimbo yenyewe.

Sehemu moja ya uwanja imeinuliwa hadi urefu wa sentimita 60, kwa ajili ya magoti ya Baba na kwa ajili ya mtoto wa jirani anayetumia kiti cha magurudumu. Watu hufikiria meza ya mbao. Meza ya mita moja ya mraba yenye mchanga wa kina cha sentimita 20 inabeba kilo 360 kabla hujaweka hata mashine, na mchanga huo ukinyeshewa uzito unapanda. Miguu ya mbao za inchi mbili kwa mbili haitavumilia. Tuliinua kwa mawe pande tatu, tukajaza vifusi chini na udongo juu, na upande wa nne tukauacha wazi chini ya ubao imara ili magoti na magurudumu yaingie.

Bwawa sikulikubali. Watoto walilitaka sana, kwa sababu hakuna eskaveta inayoonekana vizuri kama inayochota tope kando ya maji, lakini mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache, na maji yaliyotuama hutoa mbu katika wiki moja au mbili. Tulikubaliana kuhusu beseni la plastiki lililozikwa hadi ukingoni, linalojazwa mtu mzima akiwapo na kumwagwa kwenye miche ya sukuma wiki jioni hiyohiyo.

Nikifika kwenye mashine zenyewe, sina mengi. Kipimo cha 1:14 ndicho kinachofaa kwa sababu malori ya Tamiya ya kuunganisha mwenyewe yamejengwa kwa kipimo hicho na watengenezaji wengine, Huina wakiwamo, wanaziandika eskaveta zao nyingi hivyohivyo, hivyo tipa na eskaveta vinalingana machoni. Magari ya kusukuma kwa mkono ya Bruder ni 1:16, na tofauti hiyo haionekani sana. Mtoto asiye na rimoti anaweza kuwa na tipa la Bruder na bado akawa ndani ya mchezo. Angalia kama ndoo na minyororo ni ya chuma, maana uzito uliokosekana kwenye hesabu ya mwanzo unarudi kidogo hapo. Mashine zenye haidroli halisi, pampu na oili yake, zina nguvu za kushangaza na bei za kushangaza, na ningemwachia mtu mzima asiye na karo ya shule ya kulipa. Rimoti za siku hizi hutumia masafa ya 2.4 GHz na kila moja hujiunganisha na mashine yake, kwa hiyo mashine kadhaa hufanya kazi pamoja bila kuvurugana, tofauti na zile za zamani ambazo mbili zenye masafa sawa zilikuwa ugomvi.

Betri zinahitaji nidhamu kuliko mashine. Zile za lithiamu polima zina seli za volti 3.7, hujazwa hadi volti 4.2 kwa kila seli na hazifai kushuka chini ya volti 3. Betri ya seli mbili, iliyoandikwa volti 7.4, ikiachwa ndani ya mashine iliyosahauliwa ikiwaka hadi ikaisha kabisa huenda isirudi katika hali yake, na ikilazimishwa kuchajiwa inaweza kuvimba na kushika moto. Sisi tunachaji kwenye sufuria kuukuu ya chuma iliyo juu ya sakafu ya saruji, mtu mzima akiwa macho, kamwe si usiku. Stima ikipotea na kurudi ghafla, kama ilivyo kawaida yake, chaja huchomolewa kwanza ndipo iangaliwe. Betri zisizotumika wiki hiyo huachwa kwenye volti 3.8 hivi kwa seli, ndani ya nyumba, mbali na dirisha lenye jua.

Baada ya mchezo, mashine hupigwa brashi ya rangi iliyo kavu na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli kwenye viungo na minyororo. Maji hayatumiki, kwa sababu nyingi hazikuzibwa vizuri upande wa umeme. Grisi nayo nimeipiga marufuku mahali palipo wazi: inakamata vumbi letu lenye ncha kali na kugeuka kisagio, na baada ya muda pini za mkono wa eskaveta zinalegea. Unga wa grafaiti, ule unaopulizwa kwenye vitasa, unafanya kazi bila kukamata vumbi.

Rimoti ni mbili na watoto wa ploti huwa zaidi ya wawili, na hili lilitatuliwa na kazi yenyewe kuliko sheria zangu. Kwenye ujenzi halisi wengi hawaendeshi chochote. Kuna anayepima mteremko kwa kamba na chupa ya maji yenye kiputo, kuna anayeongoza tipa kurudi nyuma kwa ishara za mikono, kuna anayehesabu ndoo ngapi zimejaza lori na kuandika daftarini. Binti wa jirani, wa darasa la nne, aligundua kwamba udongo uliotoka kwenye shimo haurudi wote shimoni ukijaribu kuufukia, akaja kuniuliza kama kuna mtu ameongeza mwingine usiku. Nilimweleza kuhusu kuvimba kwa udongo uliolegezwa, jambo ambalo kila mkandarasi hulilipia kwa lori, na sasa yeye ndiye mwenye daftari.

Vinavyohitaji uangalizi wa kila siku ni viwili. Cha kwanza ni paka, ambao mchanga uliochekechwa kwao ni choo kilichotengenezwa kwa heshima, na kinyesi chao kina minyoo na vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto na hasa mama mjamzito. Turubai lazima litandazwe juu ya uwanja kila jioni, libanwe kwa mawe pembe zote na katikati lishikiliwe na mti ili maji ya mvua yasijikusanye. Cha pili ni viatu: hakuna anayeingia miguu mitupu, kwa ajili ya funza wakati wa kiangazi na kwa ajili ya misumari ya zamani ambayo udongo wa uani wowote hutoa, hata uwe umechekechwa namna gani.

Mwezi wa tatu mvua za masika zikikaribia, tunapanga kuhamisha udongo wa sehemu ya kuchimba kwenye magunia chini ya baraza, kuacha barabara ya Baba ipigwe na mvua, na kupima mitaro yake imebeba nini. Yeye anasema haitaharibika. Mimi nimeweka vigingi viwili vyenye alama kwenye mgongo wa barabara, na daftari liko kwa binti wa jirani.